Kichwa Kisichouma

Mdogo wangu Bochaberi ana kovu utosini, mistari miwili iliyokatana, na nywele hazioti hapo. Mimi ndiye ninayemnyoa. Hakubali mtu mwingine amguse kichwa, hata mama yetu hathubutu, lakini akiniona na wembe na beseni la maji huja mwenyewe, hukaa chini na kuinama mbele yangu. Majirani husema, tazama wanavyopendana hawa. Mimi huendelea kunyoa.

Sasa ni mwaka wa 1977. Nina miaka ishirini na miwili, nimehitimu uuguzi, na nikirudi nyumbani Nyamira na sare yangu watu hunipisha njiani utadhani nimekuja kuwafufua wafu. Kanisani wananitolea mfano kwa wasichana. Naandika haya kwa sababu nimechoka kutolewa mfano.

Bochaberi alizaliwa mwaka wa 1961, chai ilipokuwa ndiyo kwanza inaingia kwenye mashamba yetu. Nilikuwa na miaka sita, na kwetu msichana wa umri huo hakosi kazi: yeye ndiye omoreri, mlezi wa mtoto. Mama akishika jembe, wewe unafungiwa mtoto mgongoni, na kuanzia hapo mpaka jua lishuke mtoto ni wako. Akilia, wewe. Akichafuka, wewe. Watu wakitaka kujua mtoto amekula nini au ameumwa wapi, hawamuulizi mama, wanamuuliza omoreri. Nilikuwa najivuna sana. Nilitembea nimeinama kama bibi mwenye wajukuu kumi.

Alipokuwa na miezi minane nilishuka naye mtoni kuteka maji, nikawakuta wenzangu wanaruka kamba waliyoisokota kwa maganda ya mgomba. Omoreri haruki na mtoto mgongoni, na hilo nililijua vizuri. Nikaruka. Mara ya tatu fundo la shuka likalegea, mtoto akachomoka na kuanguka kwenye nyasi. Alilia papo hapo, kilio cha hasira. Nilimpangusa, nikamfunga upya, na kabla hatujamaliza kupanda mlima alikuwa anacheka na kunivuta masikio. Jioni alinyonya kama kawaida. Wenzangu walikula kiapo kwamba hawatasema, na kweli hawakusema.

Ningelisahau jambo lile kama Bochaberi angekua kama watoto wengine.

Alipofika miaka mitatu aliitwa jina lake asigeuke, ingawa alisikia gari la kubeba chai likiwa bado ng'ambo ya kilima. Alitembea kwa ncha za vidole. Hakula obokima, ugali wetu wa wimbi, ukimtia mdomoni alitapika. Alikula ndizi za kuchoma tu, na sharti ziwe hazijavunjika. Alipanga. Punje za mahindi, vijiti, mbegu za malenge, alizipanga mstari mmoja kuanzia mlangoni hadi kwenye kinu, na ukisogeza punje moja alijua, na hapo nyumba nzima ilikosa amani. Akifurahi alipepesa mikono mbele ya macho yake. Wageni walicheka, nami niliwachukia wageni wote.

Maneno alikuwa nayo, ila hayakuwa yake. Alirudisha ulichosema wewe. Ukimuuliza, "Unataka ndizi?" alisema, "Unataka ndizi." Ukimwambia, "Njoo hapa," alisema, "Njoo hapa," akabaki alipokuwa. Nyimbo za Sabato alizijua zote, ubeti kwa ubeti, na aliziimba kwa sauti safi kuliko kwaya. Mtu aliyemsikia akiimba kutoka nje ya ua hangeamini kwamba mtoto huyo hawezi kuomba maji.

Mama yetu, Kemuma, ndiye aliyebeba lawama. Mabibi wa mtaani walitaka kujua alikula nini akiwa mja mzito, alimtukana nani, alivuka wapi pasipovukwa. Alikuwa mama mchangamfu, mtani wa kila mtu, lakini miaka ile niliona utani ukimtoka kidogo kidogo. Nami nilijua, au nilidhani najua, kwamba mwenye kosa si yeye. Kila Bochaberi alipopanga punje zake nilisikia shuka likilegea mgongoni mwangu.

Mwaka wa 1965 baba yangu, Ratemo, aliezeka nyumba kwa mabati, akawa mtu wa pili kilimani kufanya hivyo, na kwa mwezi mzima hakuweza kuongea na mtu bila kutazama juu. Kwetu mvua hainyeshi tu, huja na mawe, makubwa ya kuchana majani ya chai. Siku ya kwanza mvua ya mawe ilipopiga mabati yale, Bochaberi alipiga yowe, akaziba masikio, akaanza kukigonga kichwa chake ukutani. Alikigonga mpaka mvua ikaisha. Tangu siku hiyo ilikuwa hivyo kila mawe yakinyesha.

Mimi niligundua dawa yake, na bila kumwambia mtu. Nikiona wingu limekuwa jeusi upande wa Kisii, nilimchukua kwenye jiko la zamani la bibi yetu, ambalo bado lilikuwa na paa la nyasi. Mawe yakianguka kwenye nyasi hayana kelele. Humo alikaa kimya akipanga maharagwe. Hakugonga kichwa hata mara moja. Nilijua, basi, kwamba kichwa chake hakikuwa na shida na chochote isipokuwa mabati ya baba. Nataka hilo likumbukwe, kwamba nilijua.

Mwaka wa 1967 niliingia darasa la ubatizo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mwalimu wetu alikuwa mzee Cleophas, mtu mpole mwenye koti moja, naye alitufundisha kwamba dhambi iliyofichwa haioshwi na mto. Ni lazima kwanza ukaseme kwa uliyemkosea, ndipo ushuke majini. Ubatizo ungekuwa kwenye makambi ya Agosti, mkutano wa kanisa wa kila mwaka. Wiki nzima sikula vizuri. Jumapili moja nikajipiga moyo konde, nikamwendea baba akiwa anapogoa chai, nikapiga magoti kati ya mistari na kumwambia kila kitu: mto, kamba, fundo, nyasi.

Nilitegemea kiboko. Hata nilikitamani.

Baba alisimama na panga lake. Uso wake ulibadilika, na nilipouangalia vizuri niliona kwamba amefurahi.

"Alianguka," akasema. "Kumbe alianguka! Kwa nini hukusema zamani, mwanangu?"

Alinishika mkono akanipeleka mbio kwa mama. "Kemuma, huyu mtoto hajarogwa. Hajalaaniwa. Alianguka tu!" Mama alikaa chini akalia, na hata kilio chake kilikuwa cha nafuu. Miaka mitatu alikuwa anatuhumiwa, na sasa ameachiliwa. Hakuna aliyenikaripia. Mama alinikumbatia akasema Mungu ndiye aliyenituma kwenye darasa la ubatizo.

Ninyi msio wa kwetu huenda hamjui kwa nini kuanguka kulikuwa habari njema. Laana haina fundi. Lakini kichwa kilichoanguka, huku kwetu, kina fundi wake: omobari. Huyu si mganga, hapigi ramli wala hasemi na mizimu. Ni mtu wa kisu, amerithi kazi kwa baba yake. Mtu akipigwa rungu au akianguka kutoka juu ya mti, na kichwa kikamuuma miezi na miezi, omobari hupasua ngozi ya utosi, hukwangua mfupa uliopasuka mpaka autoe, na wengi hupona. Nimewaona wazee waliopona, wanalima mpaka leo. Hata mzee Cleophas hakukataa. Alisema fundi wa mifupa ni kama fundi wa mbao.

Aliyeitwa alikuwa mzee Okemwa, kutoka upande wa Kenyenya. Alikuja asubuhi, mtu mfupi mwenye mikono safi kuliko yetu sote. Nilikuja baadaye kuwaona madaktari wengi, na si wengi waliokuwa waangalifu kama yeye. Alimkalisha Bochaberi chini ya migomba, akampapasa kichwa kwa ncha za vidole kwa muda mrefu sana. Bochaberi alipepesa mikono.

"Sioni shimo," akasema mzee Okemwa. "Sioni ufa. Alianguka lini?"

"Akiwa mchanga," baba akasema. "Ufa umejifunika, mzee. Lakini kichwa kinamsumbua. Anakigonga ukutani. Mtu asiyeumwa kichwa atakigonga kwa nini?"

"Sikiliza, Ratemo. Mimi sifungui kichwa kwa sababu mtoto ni mjinga au hasikii. Wajinga ni wengi na hawana shida na mfupa. Nafungua kichwa kinachouma. Kisichouma sikigusi." Kisha akamwinamia Bochaberi, akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, kichwa kinauma?"

"Kichwa kinauma," Bochaberi akasema.

Baba alivuta pumzi. Mama alishika mdomo. Kwa miaka mitatu walikuwa wanamsikia mtoto yule akirudisha maneno, lakini siku hiyo walitaka jibu, na waliposikia jibu walilichukua.

Mzee Okemwa hakuridhika. Alitazama pande zote akauliza, "Nani alikuwa omoreri wake?"

Wakanisukuma mbele.

"Wewe ndiye uliyembeba," akaniambia. "Wewe ndiye unayemjua. Kichwa kinamuuma mtoto huyu, au hakimuumi?"

Hakuna siku niliyoulizwa swali wazi kuliko hilo. Nilikuwa na majibu yote mawili mkononi: kwamba angesema lolote aliloulizwa, na kwamba aligonga kichwa kwa sababu ya mabati, na kwenye nyasi alitulia. Maneno mawili tu, na mzee yule angekunja kipande cha ngozi alichofungia visu vyake na kwenda zake. Nilimtazama mama, aliyekuwa amepata uso wake wa zamani. Nikafikiria makambi, wiki tatu mbele. Nikafikiria kwamba kichwa kikifunguliwa na kutengenezwa, Bochaberi atageuka akiitwa, atakula obokima, atasema maneno yake mwenyewe, na mimi nitakuwa sijamwangusha mtu yeyote. Nilitaka kupona mimi.

"Kinamuuma," nikasema. "Kila siku."

Walimnyoa. Walimshika watu wanne, na mimi nilipewa miguu, kwa sababu alinizoea. Sitaeleza kazi ya kisu. Nitasema tu kwamba mzee Okemwa alisema, "Mshikeni vizuri," na Bochaberi, damu ikimpita machoni, alisema, "Mshikeni vizuri." Akasema hivyo tena na tena. Baadaye hakukuwa na maneno, kelele tu. Nilishika miguu ile kwa nguvu zangu zote.

Alipomaliza alipaka samli na majani aliyoyatafuna, akafunga. Alinawa mikono muda mrefu, akamwambia baba, "Mfupa ulikuwa mzima," kisha akaondoka bila kungoja chakula.

Kidonda kilioza. Homa ilimshika Bochaberi siku kumi na tatu. Siku ya ubatizo yeye alikuwa kitandani, anaangalia mabati, na mimi nilikuwa mtoni nimevaa nguo nyeupe, mzee Cleophas amesimama kando akitabasamu, watu wanaimba. Nilizamishwa nikainuliwa. Watu walisema uso wangu uling'aa. Nilikuwa nimeungama dhambi ambayo haikuwa dhambi, na ile iliyokuwa dhambi nilikuwa nimeifanya ili niruhusiwe kuingia kwenye maji yale.

Hakufa. Lakini mkono wa kushoto ulikunjika, haukunyooka tena, kwa hiyo hakuweza kuchuma chai. Alipata kifafa. Nyimbo zilikwisha. Mtoto aliyekuwa anaimba kitabu kizima alikaa miaka miwili bila kutoa hata sauti ya wimbo, na maneno yaliporudi yalirudi machache, nyimbo hazikurudi. Akiitwa jina lake, hageuki mpaka leo. Ndizi zikivunjika hali. Tulichotaka kukiondoa kilibaki chote, tukaondoa kile ambacho hakuna aliyelalamikia.

Mvua ya mawe ya kwanza baada ya hapo ilikuja Oktoba. Kichwa chake bado kilikuwa na kitambaa. Mabati yalipoanza, akakigonga ukutani, kitambaa kikawa chekundu. Nilimbeba mbio nikamwingiza kwenye jiko la nyasi, na papo hapo akatulia. Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama mlangoni, amelowa. Alimtazama Bochaberi, akatazama paa, kisha akanitazama.

"Nyanchera," akasema, "ulikuwa unajua hili?"

"Hapana, mama," nikasema. "Ndiyo kwanza naliona."

Hakuniuliza tena. Utani wake haukurudi.

Nilisoma kwa bidii ya mtu anayefukuzwa, nikaingia chuo cha uuguzi. Huko tulifundishwa na Sista Christabel Akong'o, mama mnene wa kutoka upande wa ziwani, aliyesomea ng'ambo na aliyekuwa anatupigia kelele kwa Kiswahili na Kiingereza kwa pamoja. Mwaka wa 1975 alitufundisha juu ya ubongo wa mtoto. Alisema kuna watoto ambao ubongo wao hujengwa kwa namna nyingine tangu tumboni, kwamba kelele ndogo huwaingia kama kubwa, kwamba hupanga vitu kwa sababu dunia yao haina mpango mwingine wanaouelewa, na kwamba wengine husema kwa kurudisha maneno ya watu. Niliacha kuandika. Alikuwa anamweleza Bochaberi mbele ya darasa zima, na hajawahi kufika kwetu.

Nilimfuata baada ya kipindi. "Sista, mtoto akianguka akiwa na miezi minane, anaweza kuwa hivyo?"

"Alianguka kutoka wapi?"

"Mgongoni mwa mlezi. Kwenye nyasi."

"Alizimia? Alitapika?"

"Hapana. Alilia hapo hapo. Jioni akanyonya."

Sista Christabel alicheka, akanipiga bega. "Ah, wewe! Hiyo si kitu. Kama ingekuwa hivyo watoto wa Kenya wote wangeharibika, maana wote wameangushwa. Huyo alizaliwa vile alivyo. Mwambie huyo mlezi alale usingizi."

Nilimshukuru. Nilikwenda nyuma ya jengo la kufulia nikahesabu miaka. Miaka minane nilikuwa na kisingizio kimoja tu, kwamba niliyasema yale ili kurekebisha nilichokiharibu. Kumbe sikuwa nimeharibu kitu. Mtoto alikuwa mzima kwa namna yake, na kichwa hakikuuma.

Mwezi uliopita nilikuja nyumbani kwa likizo. Baba na mama walikuwa wamepeleka majani kwenye kituo cha kununulia chai. Bochaberi, ambaye sasa ana miaka kumi na sita, alikuwa amekaa barazani anapanga maharagwe ya mbegu kwa mkono wa kulia, mekundu mstari wake, ya madoa mstari wake. Nilimnyoa. Nilipofika kwenye kovu nikaweka wembe chini, nikamwambia yote. Mto, mzee Okemwa, swali, jibu langu, jibu nililompa mama, maneno ya Sista Christabel. Sikupunguza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuungama kwa yule niliyemkosea, kama mzee Cleophas alivyotufundisha.

Aliendelea kupanga.

"Bochaberi," nikasema, "umenisamehe?"

"Umenisamehe," akasema.

Ningeishia hapo. Mtu mwenye haya angeishia hapo. Lakini mimi ni yule yule msichana wa chini ya migomba. Nilisogea karibu na sikio lake nikasema polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto sala, "Nimekusamehe, Nyanchera."

Aliweka harage moja la madoa kwenye mstari wake.

"Nimekusamehe, Nyanchera," akasema.

Sauti ilikuwa ile ile, safi, isiyopanda wala kushuka, sauti iliyosema kichwa kinauma. Nilikuwa nimemfanyia tena. Nilimlisha maneno niliyoyahitaji mimi, naye akanipa, kwa sababu hajawahi kuninyima kitu.

Upande wa Kisii wingu lilikuwa limekuwa jeusi. Nilikusanya maharagwe kwenye ungo, kila mstari peke yake ili yasichanganyike, nikamshika mkono wake uliokunjika, tukaenda kwenye jiko la nyasi. Mawe yalipoanza kuanguka tulikuwa tumeshakaa. Hakugonga kichwa. Alipanga tena maharagwe yake kutoka mwanzo, nami nilikaa kando yake, sikumuuliza kitu.